Kufuli la Nje

Misunkumilo, Mpanda.
Mwezi wa sita, mavuno yakiisha.

Shemeji yangu na rafiki yangu Jean Bosco,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tabora, wewe, mama watoto na wote wanaolala chini ya paa lako. Naomba barua hii ikukute na afya, mgongo umepunguza kuuma, na kazi zako za kufunga umeme kwenye nyumba za watu zinaendelea. Sisi huku tunapumua. Kikohozi cha vumbi la mavuno kimenishika kidogo, lakini nakunywa tangawizi na naona kinaelekea kuisha. Mahindi yameingia ndani, karanga bado ziko kwenye turubai. Kuhusu dada yako Odeta, afya ya mwili anayo: anakula, analala, na miguu yake ina nguvu kunishinda mimi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Najua utashangaa kupokea karatasi kutoka kwangu wakati kila mtu ana simu mfukoni. Hata mkono wangu ulikuwa umesahau kuandika, na hii ni karatasi ya pili, ya kwanza niliichana. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, nikaurudia. Umesema binamu yenu Dieudonne alipita hapa akakueleza kwamba nimemfungia dada yako ndani kama mbuzi, nimeweka nondo madirishani na kufuli nje ya mlango, na simu zako sizipokei ili msiongee. Umesema ukija utakuja na wazee wa ukoo na polisi. Sikukasirika, shemeji. Ningekuwa wewe ningesema hayo hayo, pengine kwa maneno makali zaidi. Ila nakuomba, kabla hujapanda gari na hao wazee, usome mpaka mwisho. Kila ulipopiga nilikwambia tuko salama, nyumba tu ndiyo inahitaji marekebisho madogo madogo. Kumbe marekebisho yenyewe ndiyo habari, na mimi nilikuwa naipita pembeni.

Nianze na hiyo nyumba. Upepo wa mwanzo wa mvua ulifunua bati za upande wa jikoni, nikazirudisha mwenyewe kwa misumari mipya na mbao mbili. Ile sola uliyotufungia bado inafanya kazi, ila betri imechoka. Taa zinaanza vizuri, halafu zinafifia kabla hatujamaliza kula. Bomba la mfereji wa maji ya mvua nimelibadilisha. Cherehani ya dada yako nimeifunika kwa kanga na kuiweka chumba cha wageni.

Hapo kwenye cherehani ndipo mambo yalipoanzia. Wewe unajua Odeta alivyokuwa fundi. Nusu ya watoto wa Misunkumilo walivaa sare alizoshona yeye, na mama zao walikuwa wakisema mshono wa Odeta mtoto anakua, nguo inachakaa, lakini uzi hauachii. Basi mama mmoja akarudisha shati la mwanaye, mikono yote miwili imeshonwa upande mmoja. Tulicheka sana siku ile, na Odeta alicheka kuliko wote. Baadaye ikawa sketi bila kiuno, kisha suruali imeshonwa mpaka chini ikafungwa kama gunia. Halafu nikamkuta ameketi mbele ya cherehani, ameshika uzi, hana pa kuupitisha. Nikamwuliza vipi. Akaniuliza kile chuma ni cha kazi gani.

Tulikwenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimwuliza majina ya watoto wake, Odeta akamtaja Happiness wetu, akanigeukia mimi nimsaidie kutaja wengine, wakati unajua hatuna mwingine. Alipoulizwa mwaka huu ni upi, alicheka akasema hilo aulizwe mwenye kalenda. Daktari akaniita pembeni akaniambia ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, kwamba unakwenda mbele na haurudi, na dawa zilizopo ni za kumtuliza tu. Nilipotoka pale nikakupigia simu, unakumbuka? Nikakwambia wamesema ni presha. Neno lenyewe lilinishinda kulitoa. Watu wa kanisani wakaja kuomba, nikawashukuru. Wengine wakaniletea habari za waganga na za jirani mwenye kijicho, nikawasikiliza wakamaliza, nikawasindikiza.

Happiness alipokuja likizo alituletea jiko la gesi, mama yake apumzike na moshi. Ni jiko zuri, sahani mbili, unawasha kwa kiberiti. Baada ya Happiness kurudi Mbeya kufundisha, nilitoka shamba asubuhi moja nikasikia harufu ya gesi tangu getini. Nilikimbia, shemeji, na umri huu. Nikamkuta dada yako ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, sahani zote zimefunguliwa, dirisha limefungwa, naye anapekua mkoba wake. Nikamwuliza unatafuta nini. Akasema anatafuta kiberiti. Kiberiti kilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake, kinaonekana. Nikakichukua taratibu kama mtu anayeokota yai, nikamshika mkono nikamtoa nje. Mtungi niliuhamishia stoo, nikafunga stoo. Hilo ndilo kufuli la kwanza. Tangu hapo napika mimi, kwa mafiga, kama tulivyoanza maisha.

La pili ni la kisima. Kile kisima cha nyuma kilikuwa na mfuniko wa mbao tu. Nikamkuta amesimama juu ya ukingo, anaongea na mtu aliyeko chini. Alikuwa anamwita mama yenu. Nikamwita fundi wa kuchomea akatengeneza mfuniko wa chuma na bawaba, nao ukapata kufuli. Funguo zikawa nyingi, nikazitia kwenye kamba nikazifunga kiunoni.

Halafu ikaja asubuhi ya barabara. Nilikuwa nyuma naanika karanga, yeye akatoka kwa mlango wa mbele. Nilipogundua, nilizunguka mtaa mzima nikiuliza. Aliyemwona ni Kelvin, kijana wa bodaboda anayeegesha hapa kona. Alimkuta mbali, kwenye barabara ya Sitalike, nyumba zimeisha na pori limeanza, anatembea katikati ya lami, viatu ameshika mkononi. Kelvin anamfahamu tangu alipomshonea kaptula ya darasa la kwanza, akamsimamisha kwa heshima akamwuliza, mama, unakwenda wapi. Akasema anarudi nyumbani, mama yake anamsubiri ng'ambo ya mto. Wewe na mimi tunajua ni mto gani, ule mliouvuka utotoni mkikimbia, na tunajua kwamba Burundi haiko upande wa Sitalike. Upande ule kuna hifadhi na wanyama. Kama Kelvin hangekuwa na abiria wa kumpeleka huko asubuhi ile, leo ningekuwa nakuandikia barua ya namna nyingine.

Ndipo nikaweka nondo madirishani, maana mlango ulipofungwa kwa ndani alijaribu kutokea dirishani. Ndipo likaja pia kufuli la nje.

Sasa nikuambie alichokiona Dieudonne, kwa kuwa alikiona kweli. Mahindi yalikuwa yamekauka na ng'ombe wa watu wameanza kuingia shambani. Niliyemwomba abaki na Odeta hakutokea. Nikampikia uji, nikamwekea maji na ndizi mezani, nikamwashia redio kwa sababu sauti humtuliza, nikafunga kufuli kwa nje nikaenda. Niliporudi, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba yangu. Dada yako alikuwa amesimama dirishani ameshika nondo, viganja vinavuja damu kwa kuzivuta, anapiga kelele kwa Kirundi, sauti imekwisha kabisa imebaki pumzi. Dieudonne alikuwa katikati ya wale watu. Nilipita mbele yao wote natafuta ufunguo kwenye kamba, na kila ufunguo nilioshika haukuwa wenyewe. Nilipofungua na kuingia, alirudi nyuma mpaka ukutani, akajifunika uso kwa hiyo mikono yenye damu. Nilimwosha viganja, akaniachia, lakini uso aliugeuzia ukutani. Dieudonne aliondoka bila kuaga, na simlaumu.

Kuhusu simu. Wewe unanipigia, ninampa dada yako, unamsikia anaongea Kirundi safi, anacheka, anakutania habari za utotoni, unajibu, unafurahi. Unakata ukiwa na hakika kwamba dada yako ni mzima na mimi ndiye mwenye kasoro. Ningekuwa Tabora ningeamini hivyo hivyo. Usichokiona ni kinachofuata. Akishanirudishia simu anatoka kukutafuta. Amesikia sauti yako, kwa hiyo upo. Anakutafuta nyuma ya nyumba, anakutafuta jikoni, anainama kutazama chini ya kitanda, anaita Bosco, Bosco, mpaka analia, na kilio hicho kinachukua siku nzima. Ile siku uliyopiga kwa video alitazama uso wako na mvi zako, akanirudishia simu, akaniuliza huyo mzee ni nani na kwa nini ana sauti ya mdogo wake. Wewe ulidhani mtandao umekatika. Niliukata mimi. Tangu hapo sikuzipokea tena simu zako. Nilipaswa kukueleza sababu, nikaona haya.

Lakini jambo lililonifanya niandike bado sijalifikia.

Kiswahili kinamtoka, Jean Bosco. Kilianza kupungua neno moja moja, kama nguo inayofumuka. Kwanza alisahau majina ya vitu vya jikoni, baadaye akawa anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kirundi, na sasa zinapita siku hajatamka neno ninalolielewa. Mimi ni Mkonongo, mwenyeji wa huku. Nimeishi na Warundi maisha yangu yote, nimeoa kwenu, na Kirundi nilichojifunza ni salamu na majina ya vyakula, kwa sababu Odeta tangu siku ya kwanza alinisemesha Kiswahili na mimi nikaridhika. Sasa mke wangu anazungumza asubuhi mpaka jioni na mimi nakaa mbele yake kama mgeni aliyepotea kituo. Nampa maji, kumbe anataka shuka. Nampa shuka, analia. Kuna asubuhi nilikaa nikawaza kupanda basi lolote lililo stendi, nishuke popote litakapoishia, nisirudi. Sikwenda. Lakini niliwaza, na sitakuficha.

Niliona kila alasiri anakaa pembeni ya kitanda, anajitikisa, anaongea polepole kama anaimba. Nilidhani anasali. Nikafurahi, nikasema moyoni angalau Mungu bado anamjua. Happiness ndiye aliyenipa wazo kwenye simu: baba, mrekodi, umpelekee mtu anayejua Kirundi. Basi nikaweka simu kwenye rafu, nikarekodi, nikampelekea mama Thacienne, yule mjane wa kutoka makazi ya Warundi ya Katumba anayeishi nyumba chache kutoka kwetu. Unamkumbuka, mliimba naye kwaya.

Mama Thacienne alisikiliza akiwa anapembua mchele. Katikati akaweka ungo chini. Ilipoisha akaomba nirudishie mwanzo, akasikiliza tena, halafu akanirudishia simu akasema ni maneno ya ugonjwa tu, hayana maana, niende nyumbani. Nikamwambia mama, mimi ni mume wake, nina haki ya kujua anachosema.

"Anaongea na mdogo wake," akasema. "Amembeba mgongoni. Anamwambia, usilie Bosco, watatusikia. Yule mzee akilala tutatoka."

Nikamwuliza mzee gani. Akashika tena ungo, na mchele haukuwa unapembuliwa.

"Anasema kuna mzee analinda mlango. Si mbaya, anawapa chakula. Ila ana funguo nyingi kiunoni na hajui Kirundi, kwa hiyo lazima ni wa wale waliokuja kwetu na bunduki."

Shemeji, wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni mwaka ule wa sabini na mbili, watu wenu walipokimbia mauaji Burundi, na mimi nilikuwa huku huku Mpanda nachunga mbuzi. Habari za mwaka ule Odeta hakuwahi kunisimulia zote. Aliniambia walitembea, mto ulikuwa na maji mengi, mama yenu alibaki nyuma kuwatafuta wengine na hakuvuka. Aliishia hapo kila mara, na mimi sikumsukuma. Nilidhani yamepita. Sasa yuko ndani ya siku zile kila alasiri, kwenye nyumba niliyomjengea mimi, na anayemlinda asitoke ni mimi. Kila kufuli nililoongeza ili asife lilimwonyesha kwamba hakukosea. Siku ile ya nondo na damu alikuwa anataka kukutoa wewe nje ya dirisha, ukimbie. Mama Thacienne alinithibitishia, alikuwa amesikia zile kelele, na alikaa kimya tangu siku hiyo kwa kunihurumia.

Nilirudi nyumbani nikavua kamba ya funguo, nikatoa mbili, nyingine nikazitupa na kamba yake shimo la choo. Kesho yake fundi alikuja akakata nondo zote. Kufuli la nje nimeliondoa na tundu zake nimeziziba. La stoo na la kisima yapo, zile funguo mbili ziko kwa Kelvin, hazionekani kwangu. Kitanda changu nimekihamishia chumba cha wageni, ili asimwone yule mzee amelala chumbani mwake. Shamba la mahindi mwakani nimeshawapa wengine walime. Nashinda kibarazani kwenye kigoda, mbali kidogo na mlango, na akitoka namfuata kwa nyuma bila kumgusa, anatembea mpaka achoke, halafu Kelvin anapita kama kwa bahati na kumpa lifti. Nakonda, Jean Bosco. Kuna siku nasahau kama nimekula. Mama Thacienne ndiye amekuwa akija kukaa naye na kumsemesha lugha yake, na saa zile anazokaa naye ndizo saa ambazo Odeta anakuwa mtu, anashika mboga anachambua, anacheka. Lakini mama Thacienne anahamia kwa mwanaye huko huko Tabora, amezeeka na hawezi kubaki peke yake. Barua hii anakuletea yeye kwa mkono. Mwulize lolote ambalo unaona nimekuficha. Akishaondoka, kwenye nyumba hii hakuna mwenye kumjibu dada yako.

Kabla ya kufunga mizigo yake, mama Thacienne alinipa shauri moja. Alisema huyu mtu anataka kwenda nyumbani. Burundi aliyoiacha haipo, lakini Litapunga alikokulia ipo, mpeleke kwenye nyumba aliyoiacha baba yake. Nikaona hakuna cha kupoteza. Tukaenda kwa bodaboda mbili, Odeta na mama Thacienne kwa Kelvin, mimi kwa mwenzake.

Nyumba ya mzee wenu hujaiona siku nyingi. Kuta zimesimama, ni tofali za kuchoma na zilijengwa vizuri. Paa limekwisha, mchwa wamekula mbao zote, bati zilizobaki zimetoboka. Bani la kukaushia tumbaku, lile tulilokuwa tunachochea moto mimi na wewe, limeanguka. Mlango haupo. Nilidhani Odeta ataogopa, nikawa tayari kumrudisha. Alishuka kwenye pikipiki, akasimama uwanjani, akatazama huku na huku. Halafu akaenda kwenye kichaka, akavunja matawi, akayafunga kwa kamba ya mti, akainama akaanza kufagia. Alifagia uwanja wote, Jean Bosco. Alifagia kwa mistari, kama anavyofagia msichana anayetegemea wageni. Majirani wakatoka, akasalimiana nao kwa Kirundi, wakamjibu, mwanamke mmoja akamletea kigoda na muhogo wa kuchemsha. Alikula. Aliketi ameegemea ule ukuta wa mbele, miguu ameinyoosha, akajifunga kitambaa chake vizuri. Sijamwona ametulia hivyo tangu aache kushona. Mimi nilikaa mbali kwenye gogo, nisimharibie.

Jua lilipoanza kushuka nikasogea, nikamwambia kwa Kiswahili, maana sina kingine, kwamba tuondoke. Akanitazama bila woga. Na akanijibu kwa Kiswahili, kile cha zamani, cha taratibu, alichokuwa anakitumia na mimi wakati nakuja pale kwenu jioni nikijifanya nimekufuata wewe.

"Wewe nenda tu, mzee," akasema. "Mimi Alois atanikuta hapa."

Mama Thacienne aligeukia ukuta. Kelvin akaanza kufuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi. Mimi nikasimama pale mbele ya mke wangu, na nikafanya kitu ambacho sijui kama ni uongo. Nikamwambia Alois ndiye aliyenituma nije nimchukue, amekwama, anamsubiri. Akasimama palepale. Akajipangusa gauni, akaomba maji akanawa uso, akapanda pikipiki. Safari hii alipanda ile niliyopanda mimi, akakaa kati yangu na dereva. Tulipofika kwenye lami akageuza shingo akaniuliza kama Alois ni mzima. Nikamjibu ni mzima, ila amechoka. Akasema pole yake, mwambie apumzike, mimi sina haraka.

Basi, rafiki yangu, ninachokuomba ni hiki. Njoo, na uje na vifaa vyako. Wazee kama unataka waje nao, polisi wakitaka kuja nitawatolea viti na kuwaeleza haya haya. Lakini wewe njoo na nyundo, msumeno, waya na ile bisibisi yako ndefu. Bati za nyumba hii ya Misunkumilo nitazishusha, nazo zinatosha paa la mzee wenu. Mbao nimeshaongea na fundi mmoja hapo Litapunga. Sola tutaihamisha, uangalie na hiyo betri. Tukimaliza, Odeta atakaa pale, kwenye watu wanaomjibu, na kisima cha pale ni cha pampu, hakina mdomo wazi. Mimi nitajijengea kibanda pembeni, au popote utakaponionyesha. Na kama ukoo utasema mimi nisikae pale kabisa, kwa sababu ya nondo na damu ile, nitakubali, ila mniruhusu nije jioni.

Ukifika, usiingie kimya kimya. Siwezi kukuahidi kwamba atakujua kwa sura. Anza kuongea ukiwa bado nje, kwa Kirundi, mwite kama ulivyokuwa unamwita, akuzoee kwa sauti kwanza. Na akitaka kukubeba mgongoni, mwache ajaribu.

Nisalimie mama watoto na vijana wote. Mama Thacienne mpokeeni vizuri, ni mtu aliyenivusha. Kelvin anakusalimu ingawa hakujui. Happiness anasema atakuja shule zikifungwa. Dada yako hajui kwamba nimekuandikia, lakini alasiri hii yuko kitandani hapo ndani anakubembeleza, nami namsikia kutoka hapa kibarazani, kwa hiyo salamu zake unazo.

Mimi shemeji yako, anayekusubiri,

Alois